Mtoto Hujifunza kwa Mikono Yake
Somo kwa wazazi walio katika ukatekumeni

Mwenyezi Mungu alimpa mwanadamu akili, akampa na macho, masikio, mikono na miguu, ili akili ipate milango ya kupokelea maarifa. Mtu mzima aweza kusikia neno na kulitafakari moyoni bila kuona kitu. Mtoto wa miaka sita hawezi bado. Yeye hushika kwanza, hutazama kwanza, ndipo hufahamu. Kwa hiyo mwalimu mwema wa darasa la kwanza hawakalishi watoto kimya tangu asubuhi hata adhuhuri. Huwatoa nje na kuwapa vijiti, mchanga na mbegu. Mzazi asiyefahamu jambo hilo husema: «Ni mchezo mtupu.» Neno hilo laweza kumpotezea mtoto masomo yake.

MFANO

Baba mmoja, mkatekumeni wa mwaka wa pili, alimpeleka binti yake shuleni. Siku moja, akitoka shambani, alipita karibu na shule akawaona watoto chini ya mwembe. Wengine walihesabu vijiti, wengine waliandika mchangani kwa vidole, na binti yake alikuwa akitia maji katika kopo la udongo. Baba akakasirika, akasema: «Udongo upo hata kwetu. Kama ni kucheza, na achezee nyumbani akimlinda mdogo wake.» Kesho yake binti hakwenda shuleni.

Yakapita majuma matatu. Siku ya mafundisho, katekista aliwaomba wakatekumeni wafanye ishara ya msalaba mmoja mmoja. Yule baba akaifanya kwa heshima. Katekista akamwuliza: «Baba, ulipofika hapa mwaka jana, ulifahamu kwanza fumbo la Utatu Mtakatifu, ama mkono wako ulijifunza kwanza njia?»

Baba akajibu: «Mkono ulitangulia. Maana yake naendelea kuitafuta hata leo.»

Katekista akamwambia: «Basi, Baba, kwa nini kumnyima binti yako kitu kilichokufaa wewe?»

Baba akainamisha kichwa. Asubuhi yake alimrudisha binti shuleni yeye mwenyewe. Katika makopo ya wenzake maharagi yalikuwa yamepanda kupita shubiri moja. Kopo la binti lilikuwa limekauka, kwa kuwa kila mtoto alitunza la kwake. Wenzake walikuwa wamefika hesabu ya makumi, naye alikuwa ameachwa kwenye tano. Binti akalia. Mwalimu hakumkaripia baba, ila alimpa binti kopo jingine. Baba akaenda nyumbani, akarudi na punje chache za maharagi aliyojiwekea kwa mbegu. Kopo likapata mbegu mpya, lakini majuma yale matatu hayakurudi, na binti aliyafuata kwa taabu mpaka mwisho wa muhula.

KAZI ZA WATOTO NA MAANA YAKE

1. Vijiti. Mtoto hukusanya vijiti, huvihesabu, na kila vikifika kumi huvifunga kwa kamba. Mafungu matatu na vijiti vinne ni 34. Aliyefunga kumi kwa mikono yake hatasahau kwa nini tarakimu 3 husimama mbele ya 4. Siku atakapouza mihogo sokoni, hesabu hiyo itamlinda.

2. Herufi mchangani. Kidole hufuata umbo la herufi huku mdomo ukitamka sauti yake. Maria Montessori, mganga Mkatoliki wa Italia, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini huko Roma mwaka 1907. Aliwapa watoto herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa, wazipapase kwa vidole kabla ya kushika kalamu. Shule ya kijiji isiyo na karatasi hiyo ina mchanga.

3. Mbegu. Watoto hupanda maharagi katika makopo matatu yaliyotobolewa chini. La kwanza hupata maji na mwanga. La pili hupata mwanga bila maji. La tatu hupata maji, lakini hufunikwa gizani. Baada ya siku kadhaa mbegu ya kwanza huota majani mabichi, ya pili hubaki kavu, na ya tatu huota shina refu, jembamba, lenye rangi ya manjano. Hakuna aliyewaambia watoto jambo hilo, wameliona wenyewe.

4. Kivuli. Mwalimu husimika mti wima uwanjani, watoto wakatia alama mwisho wa kivuli. Asubuhi kivuli ni kirefu, chaelekea magharibi. Adhuhuri ni kifupi. Jioni huwa kirefu tena, chaelekea mashariki. Watoto hutazama kivuli, wala si jua lenyewe, kwa kuwa jua huharibu macho.

Kazi hizi zina sheria zake. Mwalimu huwahesabu watoto kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Hakuna anayekwenda mtoni peke yake, wala anayetia kinywani jani au tunda asilolijua. Wakimaliza kushika udongo, wote hunawa mikono.

MFANO WA BWANA WETU

Yezu Kristu alipofundisha makutano kando ya ziwa, aliwaambia habari za mpanzi na mbegu. Aliwaonyesha ndege wa angani na maua ya mashamba, akasema habari za chachu katika unga. Mtoto aliyepanda haragi lake na kulingoja ana mahali pa kuliweka neno hilo la Evanjili moyoni. Amejua tena kwamba yeye hutia maji tu, na mwenye kuotesha ni Mungu.

WAJIBU WA WAZAZI

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Nayo Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za serikali. Kwa hiyo mzazi asimzuie mtoto nyumbani bila sababu kubwa, wala asimzuie binti ili ndugu yake wa kiume asome. Jioni na amwulize mtoto: «Leo umeshika nini? Umeona nini?» Mama akichambua maharagi, amwache mtoto ahesabu punje. Hivyo darasa halitaishia shuleni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MAULIZO

1. Kwa nini mtoto mdogo hushika kwanza ndipo afahamu?
2. Yule baba alikosea wapi, naye alitengenezaje kosa lake?
3. Makopo matatu yawafundisha watoto nini?
4. Yezu alitumia vitu gani vya mashambani katika mafundisho yake?
5. Walezi wa kwanza wa mtoto ni nani?

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mzazi mkatekumeni na afike shuleni mara moja kabla ya Siku ya Mungu, atazame kazi ya mtoto wake, na kumshukuru mwalimu.