Mavuno ya Mwisho wa Majira katika Bustani ya Nyumbani

Watu wengi hudhani ya kuwa mvua zikikoma, kazi ya bustani imekwisha. Mwezi wa Juni ukiingia huchukua jembe, wakang'oa kila kilichobaki, wakafagia, wakaona fahari kwa usafi wa mahali pale. Kisha Julai na Agosti hutoa fedha sokoni kila siku kwa ajili ya mboga. Katika somo hili nataka kueleza kwa nini desturi hiyo ni hasara, na ni vitu gani bustani hutupa wakati ambapo hatuitazamii tena. Mifano nimeitoa katika bustani yetu hapa Kamembe, wilaya ya Rusizi, ambako ninyi mliosoma zamani mmezoea kukuita Cyangugu.

Majira yetu

Kwetu mwaka una sehemu nne. Umuhindo ni mvua za Septemba mpaka Desemba; urugaryi ni ukavu mfupi wa Januari na Februari; itumba ni mvua kubwa za Machi mpaka Mei; na impeshyi ni kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Lakini ardhi haikauki siku moja na mbingu. Udongo uliofunikwa kwa majani makavu hushika unyevu kwa majuma mengi, na mmea wenye mizizi mirefu huendelea kunywa hali juu pamekauka.

Tena mahali hutofautiana. Bugarama, sehemu ya chini kuliko zote katika Rwanda, iko karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari, na joto lake huharakisha mazao. Sisi wa Kamembe tuko juu ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake u karibu mita 1,460. Huku ni baridi zaidi, basi mazao hukawia kukomaa. Asiyejua jambo hili huona mmea unakawia, akadhani ni mgonjwa, akaung'oa.

Nyanya iliyojiotea

Mwaka jana, katika mwezi wa Mei, mche wa nyanya uliota kando ya jaa letu. Hakuna aliyeupanda. Nyanya tulizopanda kwa mistari mwezi wa Machi zilikuwa zimekufa karibu zote, majani yamekuwa meusi na matunda yana mabaka. Mche ule wa jaani ulianza kuzaa Agosti, na matunda yake yalikuwa safi, mekundu, matamu. Mama alipika nayo mpaka mvua za umuhindo zilipoanza.

Huo si muujiza. Ugonjwa ulioua nyanya za Machi ni bakajani. Vijidudu vyake ni vidogo mno, huchukuliwa na upepo na matone ya mvua, na haviwezi kuingia katika jani lisilo na majimaji. Ugonjwa huo huo ndio ulioharibu viazi vya Ireland mwaka 1845 na kuleta njaa kuu. Jani likikaa kavu, ugonjwa hukosa mlango. Kwa hiyo nyanya ya kiangazi imwagiliwe maji shinani, wala si juu ya majani.

Boga na maua yake

Mara nyingi husikia watu wakisema, "Boga hili ni dume, halizai." Tazama maua yake kwa makini. Ua dume hukaa juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Maua ya kiume hutangulia, na ya kike hufuata baadaye. Mwenye haraka hung'oa mmea siku chache kabla ya kuzaa! Yafaa pia tuwaache nyuki wafanye kazi yao, maana ndio wanaochukua chavua kutoka ua hata ua.

Boga lililokomaa, lenye ganda gumu, likikatwa pamoja na kikonyo chake na kuwekwa mahali pakavu, laweza kukaa miezi miwili au mitatu. Hiyo ni akiba ya kiangazi kizima.

Maharage, viazi na dodo

Maharage yanayopanda mitini hayazai yote kwa pamoja. Maganda ya chini hukauka kwanza, na ya juu yangali mabichi. Vuna kwa zamu. Mwisho ukate shina, uiache mizizi ardhini. Ikioza huurutubisha udongo.

Viazi vitamu vidogo vilivyosahauliwa wakati wa kuchimba navyo si takataka. Huchipua, na ukivinyweshea maji kidogo, vitakupa marando ya kupanda mvua zikirudi, wakati ambapo wengine wanahangaika kuyatafuta. Na dodo, ambayo ndugu zetu wa Bukavu huiita lengalenga na watu wa pwani mchicha, huota yenyewe penye unyevu karibu na jiko. Watoto wakitumwa kuichuma asubuhi, mchana mna mboga chunguni.

Kipi kiachwe, kipi kiondolewe

Sisemi kwamba bustani iachwe kuwa pori. Mmea wenye ugonjwa ung'olewe, ukachomwe moto. Mmea mzima unaoendelea kuzaa uachwe. Mmoja ulio bora kuliko wote usiliwe, bali uwe wa mbegu. Mbegu za nyanya zikamue pamoja na ute wake, uziloweke siku mbili au tatu, uzioshe, kisha uzikaushe kivulini. Nyumba yenye mbegu zake haingoji fedha ili ipande mwezi wa Septemba.

Maswali

1. Kwa nini nyanya ya kiangazi haishikwi sana na bakajani?
2. Chora ua dume na ua jike la boga, uonyeshe tofauti yake.
3. Mazao ya Bugarama na ya Kamembe, yapi hukomaa kwanza? Eleza sababu.
4. Likizo ijayo, zunguka bustani ya kwenu kabla mtu hajashika jembe. Andika majina ya mimea yote iliyojiotea, na utumizi wa kila mmoja. Mimi niliyoihesabu kwetu ilikuwa tisa.