Woga wa Kutazamwa: Funzo kutoka Darasa la Kuchora

Utangulizi

Kila mwaka tunapowaandaa wanachuo kwa mazoezi ya kufundisha, tunaona kwamba hofu inayowasumbua kuliko zote ni hofu ya kutazamwa. Mwanachuo analijua somo lake, andalio limekaguliwa, zana ziko tayari. Hata hivyo, macho ya wanafunzi 60 yanapomwelekea, koo hukauka na mikono haijui pa kukaa. Wapo wanaougeukia ubao na kuuhutubia kipindi kizima. Wapo wanaoificha hofu yao kwa ukali, na hapo ndipo fimbo hutafutwa. Hasara ya woga huo huwaangukia watoto.

Katika somo hili tutaichunguza kazi ambayo mwenye kuifanya hutazamwa kuliko mwalimu yeyote: kazi ya kukaa bila nguo mbele ya wanafunzi wa sanaa ili wajifunze kuuchora mwili wa binadamu. Mtu huyo huitwa modeli. Yatupasa kusema mapema kwamba kazi hiyo ni ya watu wazima, hufanywa kwa hiari katika vyuo vya sanaa, na haina nafasi kabisa katika shule ya msingi. Tunaijadili kwa sababu wanaoifanya kwa mara ya kwanza hutetemeka kama anavyotetemeka mwalimu mgeni, na njia wanazotumia kuushinda woga zinaweza kumfaa mwalimu.

1. Historia fupi

Katika vyuo vya sanaa vya Ulaya, kuchora mwili kwa kuutazama kulihesabiwa kuwa msingi wa elimu ya mchoraji. Chuo cha Slade, kilichofunguliwa London mwaka 1871, kilijipatia sifa kwa zoezi hilo. Lakini swali la nani atazame, na kwa masharti gani, halikuwa jepesi hata huko. Royal Academy ya London ilianzishwa mwaka 1768, na ni mwaka 1893 tu ndipo wanafunzi wanawake waliporuhusiwa kumchora modeli, tena akiwa amefunikwa kiunoni. Nchini Marekani, mwalimu Thomas Eakins alilazimika kujiuzulu huko Philadelphia mwaka 1886 baada ya kumwondolea modeli wa kiume kitambaa cha kiunoni mbele ya darasa lenye wanawake.

Katika Afrika Mashariki, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937 kwa njia nyingine. Aliwasimulia wanafunzi tukio au hadithi, nao wakachora walichokiona akilini. Cecil Todd, aliyeshika uongozi wa shule hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyapa uzito zaidi mazoezi ya namna ya Ulaya. Mtanzania Sam Ntiro alifundishwa na Trowell, kisha akasoma Slade katika miaka ya 1950. Hata hivyo aliendelea kuchora maisha ya vijijini, mavuno na kazi za pamoja, kwa mtindo wake mwenyewe. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba pasipo modeli hapana sanaa. Modeli ni njia moja miongoni mwa njia nyingi.

2. Haya na woga

Ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Haya ni adabu. Humwambia mtu mahali, wakati na watu wanaostahili kumwona. Woga ni hali ya mwili: moyo kwenda mbio, pumzi kuwa fupi, magoti kulegea. Mtu mwenye haya anaweza kufanya kazi yake vema, mradi mipaka yake imeheshimiwa. Mtu mwenye woga hawezi kutulia hata akiwa amevaa kanzu na koti.

Wengi hudhani kwamba dawa ya woga ni ushujaa. Uzoefu wa darasa la kuchora unaonyesha vingine: kinachomtuliza modeli ni utaratibu, na utaratibu huo hulindwa na watu wote waliomo chumbani.

3. Utaratibu unaomtuliza modeli

(a) Mapatano hufanywa kabla. Modeli huelezwa ni nani watakaokuwapo, atakaa kwa muda gani, na atalipwa nini. Anajua pia kwamba anaweza kusema "basi" wakati wowote. Picha za kamera hazipigwi bila ridhaa yake.

(b) Mlango hulindwa. Hapana mpita njia wa kuchungulia. Modeli hubadilisha nguo nyuma ya pazia, hutoka akiwa amejifunga vazi, na hulivua pale tu kazi inapoanza. Wakati wa mapumziko hujifunika tena. Vazi hilo ndilo mpaka kati ya kazi na maisha yake ya kawaida.

(c) Mikao hujaribiwa nyumbani. Anayeanza hujizoeza mbele ya kioo mikao mitatu au minne, ili asisimame mbele ya watu akijiuliza afanye nini.

(d) Muda huanza kwa uchache. Mkao wa kwanza ni wa dakika moja au mbili. Baadaye dakika 5, 10, hata 20, na mapumziko katikati. Haba na haba hujaza kibaba.

(e) Mwili hupewa kazi. Modeli huchagua alama moja ukutani na kuiangalia. Huvuta pumzi polepole hadi tumboni. Hakazi magoti, maana anayekaza magoti kwa muda mrefu anaweza kuzirai. Nyayo zake huzungushiwa chaki sakafuni, ili baada ya mapumziko arudi mahali palepale.

(f) Hapana mkono unaomgusa. Mwalimu akitaka mkao ubadilike, huomba kwa maneno au huonyesha kwa mwili wake mwenyewe.

Baada ya dakika chache za mwanzo, modeli aghalabu hugundua jambo ambalo hakulitarajia: wachoraji wamezama kazini. Wanapima urefu wa mkono kwa kalamu, wanatafuta mwinamo wa bega, wanahangaika na kivuli. Hawana nafasi ya kumhukumu.

4. Mwalimu mgeni mbele ya darasa

Mwanachuo na ayahamishe hayo darasani kwake. Afike mapema na kulijua darasa likiwa tupu. Ajizoeze kwa sauti dakika 5 za kwanza za somo, kwa maana hizo ndizo ngumu. Achore kwa chaki alama ndogo mahali atakaposimama, na achague uso mmoja wa nyuma wa kuusemesha.

La muhimu zaidi, awape wanafunzi kazi mapema. Darasa lisilo na kazi humtazama mwalimu. Darasa lenye kazi hulitazama somo. Mwanachuo anayehubiri dakika 20 kabla ya kumpa mtoto kalamu amejiweka mwenyewe katika mkao mrefu kabla ya kuzoea ule mfupi.

5. Mtoto anapokuwa kielelezo

Tumefika kwenye jambo zito kuliko yote. Mara nyingi mwalimu humwita mtoto mbele bila kumwuliza: "Wewe, njoo hapa, wenzako wakutazame." Mtoto huyo amevaa, lakini huenda sare yake imepasuka mgongoni. Huenda ana kovu la moto, au mguu mfupi, au ngozi yenye ualbino. Kicheko kimoja chatosha kumvua mtoto huyo heshima yake mbele ya wenzake, na huenda kesho asije shuleni. Modeli mtu mzima ana mapatano, pazia na haki ya kusema basi. Mtoto wetu ana nini?

Hapa Cheyo, katika mji wa Tabora ambao misafara ya karne ya 19 ilipitia kati ya Bagamoyo na Ujiji, tunapendekeza somo hili la kuchora kwa darasa la tano:

Hatua ya 1. Mwalimu aeleze kwa ufupi habari za wapagazi wa Kinyamwezi. Kisha yeye mwenyewe asimame kama mpagazi, mkeka uliokunjwa ukiwa begani, na wanafunzi wamchore kwa dakika 2. Mwalimu aliyetangulia kutazamwa ndiye anayestahili kumwomba mtoto atazamwe.

Hatua ya 2. Darasa lipatane sheria tatu: hatucheki, hatugusi, hatusemi juu ya mwili wa mtu; tunasema juu ya mchoro tu.

Hatua ya 3. Mwalimu aombe anayependa kujitolea. Asiyependa asiulizwe sababu. Mkao usizidi dakika 3, naye akichoka aseme.

Hatua ya 4. Michoro ibandikwe ukutani. Aliyechorwa aulizwe kwanza: "Mchoro gani umeuonyesha vizuri uzito wa mzigo?" Halafu ashukuriwe kwa jina.

Hitimisho

Kutazamwa ni sehemu ya kazi ya ualimu, wala hapana njia ya kuikwepa. Yule anayelinda mlango, muda na heshima ya anayetazamwa huupunguza woga kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Mwanachuo akijifunza kujilinda hivyo mwenyewe, hana udhuru wa kutowalinda watoto.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya haya na woga kwa mifano miwili kutoka mazoezi ya kufundisha.
2. Andaa dakika 5 za mwanzo za somo lolote, ukionyesha ni wapi wanafunzi wanapewa kazi.
3. Mtoto aliyejitolea kuchorwa anachekwa na mwenzake. Utafanya nini papo hapo, na utafanya nini baada ya kipindi?