Mabuku Yake Yabaki Rafuni

Mdogo wangu wa Mikunguni, barua yako nimeisoma mara tatu. Mdogo wako wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha pili, kakamatwa Darajani na simu ya mtu. Sasa yuko nje kwa dhamana, na nyumbani mmegundua anavuta unga, yaani heroini. Baba kishasema mabuku yake apewe mwengine. Mwombeni baba, mabuku yabaki rafuni.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na imemwekea Mahakama ya Watoto. Kabla ya siku ya kesi, mwende na mama kwa afisa ustawi wa jamii, mchukue ripoti ya skuli na madaftari yake. Nataka wanaomwamulia wamjue kuwa ni mwanafunzi, si teja tu.

Umesema juzi alijifunika blanketi jua kali, makamasi yanamtoka, tumbo linamkata. Hiyo ndiyo arosto, mwili unadai unga ulioukosa. Mtoto wa hali ile hasikii hesabu wala Kurani, kwa hiyo msimwite mvivu. Mpelekeni hospitali ya Kidongo Chekundu. Pale pana kliniki ya methadoni, dawa inayonywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu. Ni ya unga, si ya bangi, na kwa umri wake daktari ndiye atakayesema kama inamfaa. Hiyo dawa hutuliza mwili. Lililompeleka maskani kwa wavutaji litatoka kwa kuzungumza na mshauri nasaha, tena nanyi mkiwepo, baba akiwemo.

Mkishauriwa sober house, nyumba wanakokaa wanaoacha unga, ulizeni mambo mawili: atalala na nani, na nani atamsomesha? Mimi simlazi mtoto wa miaka 16 chumba kimoja na watu wazima walioanza unga yeye hajazaliwa.

Nyumbani mnasema apone kwanza, skuli baadaye. Hapo ndipo ninapobishana nanyi. Uraibu hurudi, mtu huanguka na kuinuka. Akingojwa apone kabisa atatoka ndevu, na mchana wake wote utakuwa wa maskani. Mwombeni mwalimu mkuu amshikie nafasi yake, hata akianza na masomo mawili. Ikishindikana, kaulizeni Kituo cha Elimu Mbadala Rahaleo, au mafunzo ya amali Mwanakwerekwe.

Niandikie baada ya kesi. Na sare yake ifue leo, uitundike anapoiona.