Bahari Nayo Yataka Mbolea

Shamba lina mimea. Bahari yetu ya Moa nayo ina mimea yake, midogo mno, haionekani kwa macho. Wataalamu huiita planktoni ya mimea. Inataka jua na mbolea. Mbolea inatoka wapi? Masika, Machi mpaka Mei, Mto Umba hushusha rutuba kutoka Milima ya Usambara. Majani ya mikoko yakioza, nayo huongeza rutuba. Mimea hiyo ikistawi, vidudu vya baharini hushiba. Dagaa hula vidudu hivyo, na samaki wakubwa hula dagaa. Basi tukifyeka mikoko ovyo, tunapunguza chakula cha samaki, na watoto wao wanakosa maficho. Kesho tutavua nini? Tuilinde mikoko yetu.

Swali: Mbolea ya baharini hutoka wapi?