Somo la Mwezi: Kununiana Nyumbani



Tunapotembelea vikundi, mara nyingi tunaelezwa shida za pesa: mzunguko umekwama, mama fulani hajalipa mkopo, mzee fulani ameacha kuja mkutanoni. Lakini tukikaa na kuuliza polepole, mara nyingine tunakuta shida haikuanzia kwa pesa. Ilianzia nyumbani, kati ya bwana na bibi ambao hawasemezani. Ndiyo maana leo tunajifunza juu ya kununiana.

IGIZO (dakika 5)

Watu wawili waigize haya. Mama Mwende amepokea shilingi 6,000 za mzunguko, akaziweka kwa ajili ya karo. Jioni anakuta Baba Mwende amezichukua, amelipa deni la mbolea. Mama anapaza sauti: "Wewe hujawahi kufikiria watoto! Hata ndugu yako mdogo amekushinda akili." Baba hajibu neno. Anachukua kofia, anatoka. Siku tatu anasema na bibi yake kupitia kwa mtoto: "Mwambie mama yako aniletee maji."

Maswali:
1. Tumeona nini?
2. Mama anasikia nini moyoni? Na Baba je?
3. Mambo haya yanatokea kwetu? Mtoto anajifunza nini?

Mwezeshaji asiharakishe. Akina mama wajadili peke yao na wazee peke yao, halafu wakutane.

MAFUNDISHO

Huko Marekani, wataalamu wa saikolojia John Gottman na Robert Levenson walichunguza watu wa ndoa tangu miaka ya 1980. Waliwakalisha bwana na bibi wazungumze dakika 15 juu ya jambo wanalokosana, huku mapigo ya moyo yakipimwa. Baada ya miaka minne waliwatafuta tena, waone hali ya ndoa zao.

Waligundua kwamba ugomvi peke yake hauvunji nyumba. Hata waliodumu waligombana. Mambo yanayobomoa ni manne: kumshambulia mtu badala ya kutaja kosa, dharau, kujitetea kila mara, na kununa. Baya kuliko yote ni dharau. Walioelewana vizuri, hata katikati ya ugomvi, walikuwa na mambo mema kama matano kwa kila baya moja: neno la upole, kucheka kidogo, kukubali kwamba mwenzako ana haki.

Jambo lingine ni hili. Anayenyamaza anaonekana kama jiwe, kumbe moyo wake unaenda mbio, pengine zaidi ya mara 100 kwa dakika. Wakati huo kichwa hakiwezi kusikiliza. Mara nyingi ni mwanamume. Bibi akiona kimya anafikiri amedharauliwa, anapaza sauti zaidi. Bwana akisikia sauti, ananyamaza zaidi. Hivyo wote wawili wanaumia, na kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Tusije tukasema kosa ni la Mama Mwende. Baba alichukua pesa bila kuuliza, na jambo hilo lazima lizungumzwe. Tunachotafuta ni njia ya kulizungumza.

TUFANYE NINI?

1. Tutaje jambo, tusimtukane mtu. Mama angeweza kusema: "Nimeumia kwa sababu pesa za karo zimetumika bila mimi kuulizwa. Nataka tukae tuone karo itatoka wapi."

2. Hasira ikipanda, tupumzike, lakini tuseme tutarudi lini. "Sasa siwezi kuzungumza vizuri. Tukimaliza kula tutaongea." Moyo unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Kutoka bila kusema neno ni kununa. Kutoka na kutaja saa ya kurudi ni heshima. Na ukisema utarudi, rudi. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso jua lisitue wakiwa bado na hasira.

3. Tuweke akiba ya mema siku za amani. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa 2016 juu ya familia, alisisitiza maneno matatu: tafadhali, asante, samahani. Hayana gharama, lakini ni wangapi wetu tumeyasema nyumbani wiki hii?

4. Tusimtume mtoto. Mzigo wa wakubwa si wake.

ANGALIENI

Somo hili ni la nyumba yenye ugomvi wa kawaida. Kama kuna kupigwa au vitisho, tusimwambie mtu avumilie wala aongee kwa upole zaidi. Kupigwa si kosa la anayepigwa. Tangu 2015 Kenya ina sheria ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda. Tumsindikize hospitali na polisi, tusimwache peke yake. Vilevile mtu akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki nyingi, au akisema hataki kuishi, apelekwe hospitali upesi.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mmoja achague jambo moja dogo ambalo limenyamaziwa nyumbani kwake, alizungumze kabla ya mkutano ujao kwa njia tuliyojifunza. Tukikutana, hatutaulizana siri za nyumba. Tutaulizana tu: ulianzaje, na ilikuwaje?

Mungu azibariki nyumba zenu.