DAWA YA DENI NI KULIPA: Jinsi Tulivyopanga Msimu wa Mwisho wa "Mizani ya Usiku"

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nami naongeza kwamba hakuna mtu mwenye madeni mengi kama mwandishi wa hadithi za njama. Kila anapoficha jambo, amekopa. Kila anaposema "kumbe kulikuwa na mtu mwingine nyuma ya pazia", amekopa tena. Wasikilizaji humkopesha kwa moyo mkunjufu, lakini usidhani wamesahau. Siku ya mwisho wote watafika na daftari mkononi, kama mwenye duka mwisho wa mwezi.

Somo langu katika toleo hili ni jinsi ya kulipa madeni hayo. Mfano wangu mkuu ni "Mizani ya Usiku", mchezo wa sauti ambao sisi wanachama watatu wa Kidato cha Nne tuliuandika, ukawa unasomwa bwaloni kila Ijumaa baada ya chakula cha jioni. Kwa faida ya wasomaji wa nje ya shule, mchezo unamhusu Nekesa, karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, kwenye mji wa kubuni. Nekesa anagundua kwamba kilo anazoandika jioni si zile zinazosomeka kitabuni asubuhi. Akianza kuuliza, ghala linachomwa, lori lisilo na nambari linapita usiku wa manane, na jina moja linatajwa kwa kunong'onezwa: Mzee wa Kofia.

Tulisoma misimu mitatu, mmoja kila muhula tukiwa Kidato cha Tatu, sehemu 8 kila msimu. Jumla ni sehemu 24. Msimu wa nne ulikuwa lazima uwe wa mwisho, maana KCSE haimngoji mtu. Kuna waliokuwa wamewekeana dau la mandazi kuhusu Mzee wa Kofia ni nani. Tena, jamani, wengi wetu hapa karo inatoka kwenye hayo magunia ya kahawa. Hadithi ya mizani ya wizi ikiishia hewani shuleni kwetu, mtu hacheki. Anajiona ameibiwa mara ya pili.

Kwa hivyo muhula wa kwanza hatukuandika hata sehemu moja. Tulipanga tu. Hizi hapa hatua tulizofuata.

1. Hesabu Ijumaa zako

Fundi hakati kitambaa kabla ya kukipima. Muhula wa pili ulikuwa na majuma 14. Tulitoa juma la kufungua shule, likizo fupi, majuma mawili ya mitihani, Ijumaa ya michezo na Ijumaa ya siku ya wazazi. Zikabaki Ijumaa 8. Kila sehemu huchukua dakika 20, basi mali yetu yote ilikuwa dakika 160. Ukijua una dakika 160, huanzi kuleta pacha wa Nekesa kutoka Mombasa!

Hata wakubwa wa kazi hii hufanya hivyo. Watengenezaji wa Lost, kipindi cha runinga cha Marekani kilichoanza mwaka wa 2004, walitangaza pamoja na kituo cha ABC mwezi wa Mei 2007 kwamba kitakwisha mwaka wa 2010. Tangu hapo waliandika wakiujua urefu wa safari. Msafiri asiyejua mwisho wa safari hula chakula chote asubuhi.

2. Fungua daftari la madeni

Tuliketi na madaftari ya sehemu zote 24, tukaandika kila swali lililokuwa halijajibiwa. Tulipata maswali 31! Tukayagawa mafungu matatu. Maswali 9 yalikuwa ya lazima: Mzee wa Kofia ni nani? Nani alichoma ghala? Babake Nekesa alitoweka kwa nini? Maswali 14 yangeweza kulipwa kwa sentensi moja tu. Kwa mfano, kwa nini mlinzi hakubweka kwa filimbi usiku ule? Jibu: filimbi yake iliibwa mchana. Basi, limekwisha. Maswali 8 yaliyobaki ni ya kusamehewa, mambo madogo ambayo hakuna msikilizaji aliyeyauliza tena.

Ili kujua lipi la lazima, usijiulize mwenyewe. Tulizunguka mabwenini tukawauliza wasikilizaji: "Ni nini ambacho hamwezi kulala bila kukijua?" Majibu yao ndiyo yaliyopanga mafungu.

3. Andika ukweli wote katika ukurasa mmoja

Hapa ndipo hadithi ya njama inapoachana na hadithi ya upelelezi ya kawaida. Wasomaji wa Kiswahili tunamjua mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale kilipochapishwa mwaka wa 1960. Katika upelelezi wa namna hiyo tunamtafuta mkosaji. Katika njama, mkosaji ni mpango mzima, wenye watu wengi, na kila mmoja amefanya jambo dogo ambalo likitazamwa peke yake halionekani kuwa dhambi kubwa. Kwa hivyo mwandishi lazima ajue: nani anafaidika? Anapata kiasi gani? Nani anajua, na kwa nini ananyamaza? Na mwisho, ni karatasi gani imebaki?

Njama za kweli zinatufundisha kwamba jambo hufichuka kwa kitu kidogo. Tarehe 17 Juni 1972, mlinzi wa usiku Frank Wills aliona utepe umebandikwa kwenye mlango wa jengo la Watergate, mjini Washington, ili kitasa kisijifunge. Akaita polisi, na watu watano wakakamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Baadaye hundi ya dola 25,000 iliyotolewa kwa kampeni ya Rais Richard Nixon ilipatikana imepitia akaunti ya mmoja wao. Agosti 1974 Nixon alijiuzulu. Utepe na hundi, hivyo tu!

Wala tusiende mbali. Katika kashfa ya Goldenberg hapa Kenya, mapema miaka ya 1990, mabilioni ya shilingi yalilipwa kwa madai ya kuuza dhahabu na almasi nchi za nje. Miongoni mwa waliofichua jambo hilo alikuwa David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu, aliyeona hati zilizopita mezani kwake zikamtia shaka. Hakuwa na bastola. Alikuwa na macho na karatasi.

Basi nasi ukurasa wetu ulisema hivi. Kiwanda kina wakulima 600. Kila mmoja anapunguziwa kilo 2 usiku. Hizo ni kilo 1,200 kila siku ya kuchuma. Kilo hizo zinaandikwa kwa nambari za wanachama hewa, yaani watu waliokwisha kufa. Mpokeaji ni mweka hazina wa ushirika, yule mzee mpole anayefungua kila mkutano kwa maombi. Na karatasi iliyobaki? Nakala za kaboni za stakabadhi! Si mnakumbuka katika msimu wa kwanza Nekesa alikuwa akichekwa kwa vidole vyake vya buluu? Ile ilikuwa kaboni. Bwalo zima lilicheka, na jibu lilikuwa mbele ya macho yao.

Hii ni kanuni kubwa: katika msimu wa mwisho, jibu litoke katika mambo ambayo msikilizaji alikwisha kuyasikia. Soma upya sehemu za zamani kabla ya kubuni kitu kipya. Mgeni anayeingia sehemu ya nane akiwa na ushahidi mfukoni ni mlipaji wa noti bandia.

4. Lipa kidogo kidogo

The X-Files, kipindi maarufu cha njama kilichobuniwa na Chris Carter, kilianza Septemba 1993 na kuendelea kwa misimu 9. Sehemu ya mwisho ya awamu hiyo, Mei 2002, ilimweka shujaa wake Mulder mbele ya mahakama ya kijeshi, na mashahidi wakaeleza mmoja baada ya mwingine mambo ya miaka tisa. Hebu fikiria mzigo huo kwa siku moja! Mtazamaji anageuka mwanafunzi wa historia usiku wa kuamkia mtihani.

Sisi tuligawa madeni yale 9 hivi. Sehemu ya kwanza, lori linapatikana na kujulikana lilibeba nini. Ya pili, aliyechoma ghala anajulikana. Ya tatu, tunajua kwa nini babake Nekesa alitoweka. Ya nne, Nekesa anafutwa kazi. Hapo kila kitu kinaonekana kimepotea. Ya tano, vitabu vya nakala vinapatikana na wanachama hewa wanahesabiwa. Ya sita, Mzee wa Kofia anatajwa jina. Ya saba, mkutano wa wakulima. Ya nane, asubuhi ya baadaye.

Angalia vizuri: siri kubwa ilifichuka sehemu ya sita, si ya nane. Wenzangu waliniuliza, "We, kwa nini umeitoa mapema hivyo?" Nikawajibu kwamba kujua jina ni nusu ya deni. Nusu ya pili ni kuona watu watafanya nini wakishajua. Mweka hazina anasimama kufungua mkutano kwa maombi, na wakulima 600 hawainamishi vichwa. Hicho ndicho kimya ambacho bwaloni kilisikika hadi jikoni.

5. Tengeneza mlango wa nyuma

J. Michael Straczynski alikipangia kipindi chake cha Babylon 5 hadithi ya miaka mitano tangu mwanzo. Lakini alijua waigizaji ni binadamu, kwa hivyo kila mhusika alimwandalia njia ya kutoka bila kuivunja hadithi. Mwigizaji mkuu Michael O'Hare alipoondoka baada ya msimu wa kwanza, safari iliendelea. Tena, kwa kuhofia kwamba kipindi kingesimamishwa, sehemu ya mwisho kabisa ilipigwa picha wakati wa msimu wa nne, ikawekwa, ikaonyeshwa Novemba 1998 msimu wa tano ulipomalizika.

Shuleni tunalihitaji somo hili kuliko Marekani. Leo msomaji wako yupo, kesho ametumwa nyumbani kuleta karo. Kwa hivyo tuliandika sehemu ya nane kwanza, kabla ya ya kwanza. Na kila mhusika alikuwa na wasomaji wawili, pamoja na barua moja ya akiba ambayo mhusika mwingine angeweza kuisoma kwa niaba yake. Sauti ya Inspekta ilipotumwa nyumbani juma la sehemu ya tano, Inspekta "aliandika barua", na mambo yakaenda. Msomaji wetu alirudi sehemu ya saba, akapigiwa makofi kuliko Nekesa mwenyewe.

6. Usitoe haki ya bei rahisi

Hapa ndipo tulipobishana kweli kweli. Mwenzetu mmoja alitaka wabaya wote wafungwe. Mwingine alitaka washinde wote, eti ndivyo dunia ilivyo. Mimi niliona yote mawili ni njia ya mkato. Nixon aliondoka madarakani, ndiyo. Lakini Munyakei alikamatwa mwaka wa 1993, na hata baada ya mashtaka kuondolewa alikuwa amepoteza kazi. Tume ya Jaji Bosire ya kuchunguza Goldenberg iliundwa mwaka wa 2003, miaka kumi baadaye. Mwandishi anayewaambia watoto wa wakulima kwamba ukweli ukisemwa tu kila kitu kinanyooka kesho yake, anawadanganya. Na anayewaambia kusema ukweli ni kazi bure, huyo naye anawasaidia wezi.

Tulikubaliana hivi. Meneja anakamatwa. Mzee wa Kofia anapelekwa mahakamani, na kesi inaahirishwa. Nekesa harudishiwi kazi. Lakini wakulima wananunua mizani yao wenyewe na kuitundika mlangoni mwa kiwanda. Kila gunia linapimwa mara mbili, na anayesoma mizani ya pili, kwa kuchaguliwa na wakulima, ni Nekesa. Vidole vyake ni vya buluu tena. Mchezo unaishia hapo, kwa sauti ya karani akitaja kilo.

Kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliyepoteza mandazi kumi alinijia akasema, "Umenimaliza, lakini dalili ulitupa." Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo.

Zoezi

(a) Chagua hadithi yako ambayo hujaimaliza. Orodhesha maswali yake yote na kuyagawa mafungu matatu.
(b) Andika ukweli wa njama yako katika ukurasa mmoja. Lazima kuwe na hesabu moja na karatasi moja.
(c) Andika sehemu ya mwisho leo, hata kama ya kwanza bado.

Ndugu zangu wa vidato vya chini, bwalo la Ijumaa sasa ni lenu. Msiombe ruhusa ya kumfufua Mzee wa Kofia. Deni lake limelipwa. Kopeni jipya. Lakini mnapokopa, mwandike tarehe ya kulipa. Hapa ndipo ninapotia nanga. Wasalaam.