Kuvua Perege Katika Maji Marefu: Tupime Kina Bila Kuingia Majini



Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Methali hii ni ya kweli, lakini wako watu walioponzwa nayo, maana walitaka kuujua wingi huo kwa miguu yao.

Nakumbuka kijiji kimoja cha Usukuma nilikokuwa nikifundisha kisomo cha jioni. Kijana mmoja, mtoto wa mwanakisomo wetu, alikwenda lamboni kuvua. Ukingoni alipata vitoto vya perege tu. Wakubwa aliwaona wakiruka mbele kidogo, na ufito wake ulikuwa mfupi. Basi akaingia. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni. Hatua iliyofuata haikuwa na chini. Tulimtoa alasiri.

Baada ya matanga baba yake alirudi darasani. Akasema, "Mwalimu, tumejifunza kupima shamba na kupima pamba. Lile lambo, mbona hatukulipima?"

Siku ile sikuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu langu.

Perege wakubwa wako wapi?

Malambo mengi hujengwa kwa kuziba bonde kwa tuta la udongo. Upande wa juu maji ni mafupi. Karibu na tuta ndiko kwenye maji marefu. Tena, mahali ulipochimbwa udongo wa tuta, mara nyingi hubaki shimo lenye kingo za ghafla. Lambo likijaa, shimo hilo halionekani.

Perege wadogo hukaa ukingoni. Wakubwa hupenda maji marefu zaidi. Lakini hawakai chini kabisa, kwa sababu maji ya chini katika lambo refu lililotulia huwa na hewa kidogo. Kambale huweza kuvumilia, maana hupanda juu kuvuta hewa. Perege hana uwezo huo. Kwa hiyo chambo chako hakina budi kuning'inia katikati, si juu sana wala si matopeni.

Hapo ndipo penye kazi. Chelezo cha kawaida hufungwa mahali pamoja kwenye mshipi. Ukitaka ndoana ishuke mikono 6, itabidi mikono 6 ya uzi ining'inie wakati wa kurusha. Utarushaje? Uzi utanasa kwenye nyasi, au utakunasa wewe mwenyewe. Ndiyo maana watu huamua kuingia majini.

Dawa yake ni chelezo kinachotembea. Wakati wa kurusha hukaa chini karibu na ndoana. Kikifika majini, uzi hupita ndani yake na kushuka, mpaka fundo la kizuizi liseme, "Basi, hapa!"

Vitu vinavyohitajika

1. Uzi wa nailoni, pima 10 au zaidi, uliozungushwa kwenye chupa au kijiti.
2. Ndoana ndogo, kwa mfano namba 10 au 12. Kinywa cha perege ni kidogo. Angalieni: namba ikiwa kubwa, ndoana huwa ndogo. Wengi hukosea dukani.
3. Chelezo. Kata kipande cha kandambili kuukuu, urefu wa kidole. Kitoboe kwa urefu, kutoka ncha hadi ncha, kwa spoki ya baisikeli iliyopashwa moto.
4. Ushanga mmoja wenye tundu dogo.
5. Chubwi, yaani kitu kizito cha kuzamisha uzi. Nati ndogo inafaa. Risasi ina sumu, kwa hiyo usiibane kwa meno wala usiwape watoto waichezee.
6. Uzi mfupi wa kufungia fundo la kizuizi.

Kufunga

Kwanza, fundo la kizuizi. Kunja ule uzi mfupi upate kitanzi, ukilaze sambamba na mshipi. Shika ncha moja, uizungushe mara 4 kwenye mshipi huku ukiipitisha ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate, kisha vuta ncha zote mbili. Fundo zuri halitelezi lenyewe, lakini ukilisukuma kwa kucha linakubali.

Pili, ingiza ushanga. Fundo lisiweze kupita katika tundu lake.

Tatu, ingiza chelezo. Nne, funga nati mwishoni. Ndoana bado.

Jaribu katika ndoo ya maji. Chelezo kisimame wima na kuonyesha kichwa tu. Kikizama, nati ni nzito. Kikilala, ni nyepesi.

Kupima kina

Tutatumia vipimo vya wazee wetu. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni pima 1, nayo ni karibu sawa na urefu wa mtu mzima.

Simama penye ukingo imara. Weka fundo mikono 3 kutoka kwenye nati. Rusha, kisha legeza mshipi na uhesabu polepole mpaka 20. Ukikaza mshipi, chelezo hakitafika kwenye fundo.

Sasa kitazame. Kikisimama wima, nati inaning'inia, haijafika chini. Vuta, sogeza fundo mkono 1 zaidi, urushe tena palepale. Endelea hivyo. Siku chelezo kitakapolala ubavu, jua nati imelala chini.

Tuseme kilisimama kwenye mikono 7, kikalala kwenye mikono 8. Basi kina ni kati ya mikono 7 na 8, karibu pima 2. Mtu mmoja akisimama juu ya mabega ya mwenzake, wa chini hana nafasi ya kupumua, na hata wa juu maji yanaweza kumfunika.

Kuvua

Sasa funga ndoana, shubiri moja chini ya nati. Weka fundo mikono 6 kutoka kwenye ndoana. Ndoana itakuwa juu ya matope kwa mkono 1 au zaidi. Tia nyungunyungu, au donge dogo la ugali uliokandwa ukakaza.

Usipopata kitu kwa muda wa kutosha, punguza mkono 1, ujaribu tena. Perege hupanda na kushuka, nawe mfuate kwa fundo.

Chelezo kikizama, vuta. Kikilala ghafla, vuta pia, maana samaki ameinua chambo pamoja na nati. Ukivuta, chelezo kitateleza kurudi chini, nawe utamleta samaki mpaka ukingoni bila kulowesha goti.

Kutolowesha goti kuna faida nyingine. Konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji mafupi yenye majani, palepale watu wanapoingilia. Na tusishawishike kutumia utupa ili kupata samaki wengi kwa mara moja. Sumu huua wakubwa na wadogo, nayo imekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Darasa letu lilipima lile lambo kwa siku mbili, mahali 11. Kila kipimo kiliandikwa daftarini. Kisha tulisimamisha kibao ukingoni: HATARI. MIKONO 8. Aliyeandika kibao kile ni yule baba. Herufi zake si nzuri sana, lakini kila mtu anazisoma.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini perege wakubwa hawakai chini kabisa katika lambo refu?
2. Chelezo kilisimama kwenye mikono 9, kikalala kwenye mikono 10. Utaweka fundo mikono mingapi kutoka kwenye ndoana ili iwe juu ya matope kwa mkono 1 au zaidi?
3. Kina hicho ni zaidi ya pima ngapi?
4. Lambo la kijiji chenu lina kina gani karibu na tuta? Nani amelipima? Watoto wanajua?